Aliyelelewa kanisani akijikuta anapenda jinsia yake: fundo liko wapi?

Katika kwaya yetu kulikuwa na kijana wa sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, ambaye hakuwahi kukosa mazoezi. Jumanne na Alhamisi jioni, mvua inyeshe au umeme ukatike, yeye yupo, na ndiye aliyetunza ufunguo wa kabati la majoho. Lakini kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, mchungaji akishaanza maneno ya kuweka wakfu, kijana yule alitoka kwa mlango wa pembeni, simu sikioni, kama mtu aliyepigiwa na nyumbani. Alirudi watu wamekwisha kupiga magoti na kuinuka, akaidaka sauti yake kwenye wimbo wa kufunga kana kwamba hakuondoka. Kwa miaka minne sikuliona hilo. Nililijua siku aliponieleza mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya usharika tunasubiri daladala. Hakukuwa na simu yoyote.

"Kaka, mimi siulizi kama ni dhambi," aliniambia. "Hilo nimeambiwa tangu Shule ya Jumapili. Nauliza, walionifundisha kwamba Mungu alinijua tangu tumboni mwa mama, walikuwa wanamsema mtu gani?"

Nilimjibu vibaya. Nilifungua Warumi sura ya kwanza, nikamsomea, daladala ikaja, akapanda. Haya ninayoandika ni kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya jioni ile.

Kwetu jambo hili huzungumzwa kana kwamba ni swali moja lenye jibu moja: mtu anaweza kuwa shoga na Mkristo, ndiyo au hapana? Ukikaa nalo utaona ni kamba kadhaa zilizosokotana. Kuna yanayosemwa na Maandiko, kuna yanayoamuliwa na makanisa, kuna yanayotakiwa na serikali, na kuna malezi: nyimbo, kipaimara, maombi ya mama saa kumi alfajiri. Watu hubishana juu ya kamba ya kwanza wakidhani ndiyo inayomkaba mtu. Mara nyingi inayomkaba ni hiyo ya mwisho.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili chetu kina mtego wake hapa. Kwa wanawake wa Pwani, shoga ni rafiki. "Shoga yangu" ni mtu wa kumwagia siri. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume ni tusi. Msenge, hanithi, basha, msagaji, yote ni maneno ya kijiweni au ya ugomvi, na hakuna hata moja ambalo mtoto wa nyumba ya sala anaweza kulitumia kujieleza mbele ya mama yake. Vyombo vya habari vina "wapenzi wa jinsia moja", msemo mrefu wenye harufu ya ofisini. Basi mtoto wa kanisa huanza kujijua akiwa na hisia isiyo na jina, au yenye majina ya kumtukana tu.

Tena neno "ushoga" linafunga kapu moja vitu viwili ambavyo walimu wa dini huvitenganisha: kuvutiwa na kutenda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2357 hadi 2359, inavishughulikia kila kimoja peke yake. Matendo ya jinsia moja inayakataa kabisa. Watu wenyewe inataka wapokewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki, na inawaita waishi katika usafi wa moyo. Hata sheria za nchi zetu zinaadhibu tendo: Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika kifungo cha maisha na hakishuki chini ya miaka 30, Kenya, kifungu cha 162 kinatoa hadi miaka 14.

Mimbarani tofauti hiyo haisikiki. Mtoto wa miaka 14 aliyekaa benchi la tatu, akisikia "mashoga wote wataenda motoni", haulizi kama ametajwa kwa alichofanya au kwa alivyo. Anajijumlisha. Na hajafanya chochote.

Mistari yenyewe

Mistari ya Biblia inayogusa jambo hili moja kwa moja inahesabika kwa vidole. Uchache huo hauifanyi kuwa myepesi, ila unatupa nafasi ya kuisoma vizuri.

Sodoma ndiyo inayotajwa zaidi, nayo ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote. Katika Mwanzo 19 wanaume wa mji wanaizingira nyumba ya Lutu wakitaka atoe wageni wake wawaingilie kwa nguvu, naye Lutu, katika kuwaokoa wageni, anatoa binti zake. Hilo ni genge la wabakaji. Waraka wa Yuda unautaja uasherati wa mji ule, lakini Ezekieli 16:49 anaorodhesha uovu wa Sodoma hivi: "kiburi, na kushiba chakula, na kufanikiwa," tena "hakuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji." Mwanazuoni wa Kimarekani Richard Hays, ambaye kitabu chake cha 1996 kilitumiwa miaka mingi kutetea msimamo wa jadi, aliandika humohumo kwamba habari ya Sodoma haihusiani na swali hili. Wahubiri wetu hawajapata taarifa.

Walawi 18:22 haina mafumbo: "Usilale na mwanamume mfano wa kulala na mwanamke, ni machukizo." Sura ya 20 inaongeza adhabu ya kifo. Hapa pande zote mbili huwa na haraka. Mmoja anasema imeandikwa, imekwisha. Mwenzake anajibu kwa hoja ninayoiita ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe: mbona Walawi 11 inakataza nguruwe na Jumamosi nilikuona pale kwenye moshi? Hoja ya kitimoto inachekesha, lakini ni fupi. Sura ileile ya 18 inakataza mtu kumwingilia dada yake au mnyama, na hakuna Mkristo anayesema hayo yalipita na Torati. Swali gumu ni kwa kipimo gani Mkristo huchagua amri ipi ibaki, na makanisa yamelijibu swali hilo kwa namna nyingi tangu baraza la Yerusalemu katika Matendo 15.

Mstari uliomkaa kooni rafiki yangu ni 1 Wakorintho 6:9. Biblia ya Union ya 1952, ile yenye jalada jeusi iliyoko karibu kila nyumba, inataja kati ya wasiourithi ufalme wa Mungu "wafiraji" na "walawiti". Yafaa kuyatazama maneno hayo kwa karibu, maana humo mna jambo ambalo msomaji wa Kiingereza au Kijerumani hawezi kuliona.

Paulo aliandika kwa Kigiriki maneno mawili, malakoi na arsenokoitai. La kwanza maana yake ni "laini". Ni neno lilelile la Mathayo 11:8, Yesu anapouliza kama watu walitoka kwenda kumwona mtu aliyevaa "mavazi mororo". Likimwelekea mwanamume lilikuwa lawama pana: mlegevu, mpenda starehe, asiye na uanaume, na wakati mwingine anayeingiliwa. La pili ni adimu. Hakuna maandishi ya kabla ya Paulo yanayojulikana kuwa nalo. Limeungwa kwa "mwanamume" na "kitanda", na maneno hayo mawili yamekaa bega kwa bega katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Walawi 20:13. Hapo wanaoshika jadi wana hoja nzito: Paulo alikuwa na Walawi kichwani. Wanaosema mistari hii yote ni makosa ya tafsiri tu wanajirahisishia mno.

Sasa rudi kwenye Kiswahili. "Kulawiti" ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na ndani yake limebeba jina la Lutu. Kwa hiyo Mswahili akisoma Wakorintho anasikia Sodoma, mahali ambapo Paulo hakuitaja. Halafu funga Biblia, fungua gazeti: "Jela maisha kwa kumlawiti mtoto wa miaka saba." Hayo ndiyo matumizi ya kila siku ya neno hilo. Kijana anayempenda kijana mwenzake anapojitafuta kwenye Maandiko anakutana na jina la mbakaji wa watoto. Na watafsiri wenyewe hawakutulia: katika 1 Timotheo 1:10 neno la pili la Paulo, lile waliloliita "walawiti" kwa Wakorintho, wameliandika "wafiraji". Siwalaumu, walikuwa wanatafuta Kiswahili cha neno ambalo Wagiriki wenyewe hawakuwa wamelizoea. Lakini tujue kwamba uamuzi ulikwisha kupita kabla sisi hatujafungua ukurasa.

Warumi 1:26-27 ndiyo nguzo kuu ya jadi, na inastahili. Paulo anazungumzia wanawake na wanaume walioacha "matumizi ya asili", wakawakiana tamaa. Wanaoitetea jadi wanaunganisha hapa na uumbaji: Mwanzo 2, mume na mke mwili mmoja, maneno ambayo Yesu mwenyewe anayarudia katika Mathayo 19. Kwao hoja haisimami juu ya mistari ya makatazo; inasimama juu ya picha nzima ya ndoa kuanzia bustani ya Edeni hadi harusi ya Mwanakondoo. Atakayeijibu kwa hoja ya kitimoto hajaielewa.

Wenye kusoma tofauti huanza na neno "asili" lenyewe. Katika 1 Wakorintho 11:14 Paulo anasema maumbile, na kwa Kigiriki ni neno hilohilo, yanafundisha kuwa nywele ndefu kwa mwanamume ni aibu. Katika Warumi 11:24 Mungu mwenyewe anawapandikiza watu wa Mataifa kwenye mzeituni mwema "kinyume cha asili". Basi asili kwa Paulo si sheria ya fizikia. Wanaongeza kuwa Paulo anaieleza hali ile kama matokeo ya kuabudu sanamu, wakati kijana wa kwaya hajawahi kuabudu sanamu; alikuwa anafunga kabati la majoho. Na sura ya pili inafungua kwa kumgeukia msomaji aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kukubali: "wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru."

Nikiulizwa, nitasema hoja ya uumbaji ni nzito kuliko hoja ya asili, na kwamba wanazuoni wakweli kuliko wote ni wale wasiojificha nyuma ya Kigiriki. Luke Timothy Johnson, mwalimu Mkatoliki wa Agano Jipya huko Marekani, aliandika mwaka 2007 kuwa Maandiko yanakataza, yeye anajua yanakataza, na bado anatofautiana nayo kwa sababu ya anachokiona Mungu akitenda katika maisha ya watu hawa, kama Petro alivyoona Roho akiwashukia watu wa nyumba ya Kornelio kabla sheria haijaruhusu. Hays naye, mwaka 2024, pamoja na mwanawe ambaye ni mwanazuoni wa Agano la Kale, alichapisha kitabu kingine akijisahihisha. Hakusema ameigundua maana mpya ya neno fulani. Alisema ameisoma upya Biblia nzima akamwona Mungu anayepanua rehema zake. Aliaga dunia Januari 2025. Unaweza kumkatalia, na wengi wamemkatalia, lakini sasa unajua ugomvi unakaa wapi hasa: juu ya kama kanisa linaweza kujifunza kitu kutoka kwa watu linalowasema.

Ushuhuda wenye wakati uliopita

Miaka ya mwanzo ya 1930 huko Gahini, Rwanda, kulianza Uamsho ambao ulivuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba. Bado upo. Ukisikia watu wamekumbatiana wanaimba "Tukutendereza Yesu", hao ni wajukuu wake, na makanisa yetu mengi ya Kianglikana na ya Kilutheri, hata yasiyojiita ya uamsho, yamelelewa na tabia zake. Tabia kubwa kuliko zote ni kutembea nuruni: kutoficha. Dhambi inatajwa mbele ya ndugu, ndugu wanaimba, mzigo unashuka.

Fikiria mtoto aliyekulia humo. Amefundishwa kuwa siri ni giza. Amemwona baba yake akikiri mbele za watu kwamba alipunja mizani dukani. Halafu anakua na jambo moja ambalo kila mtu, bila kumwambia, amemjulisha kuwa hili halitajwi. Anaona kwamba amekosa mara mbili: kwa hisia, na kwa kuificha. Watu wa nje hudhani kijana wa namna hii anateseka kwa kuwa dini haimwingii. Ni kinyume. Anateseka kwa kuwa imemwingia barabara.

Halafu angalia sarufi ya ushuhuda. "Nilikuwa mlevi, Yesu akaniokoa." "Nilikuwa mwizi." Ushuhuda wetu unadai wakati uliopita. Mlevi anaweza kuacha pombe na chupa ikabaki dukani. Hisia ya nani unampenda haina duka la kuiacha. Nimesikia shuhuda za zinaa, za uchawi, za kutoa mimba. Hili sijawahi kulisikia likisemwa kwa "nina".

Kwa hiyo njia ya kwanza ambayo karibu wote huipita ni kutafuta hilo "nilikuwa". Wanafunga, wanakesha, wanaombewa, wengine wanakemewa pepo hadi koo la mchungaji linakauka. Marekani walijaribu kwa mpangilio mkubwa kuliko sisi. Shirika la Exodus International lilianza 1976 likiahidi mabadiliko, likaenea nchi nyingi. Mwaka 2012 kiongozi wake, Alan Chambers, mwenyewe mume wa mke, alikiri kuwa asilimia 99.9 ya watu aliokutana nao hawakuwa wamebadilika mvuto wao. Juni 2013 aliomba radhi hadharani na shirika likafungwa. Daktari Robert Spitzer, aliyechapisha mwaka 2003 utafiti uliotumiwa kuthibitisha kuwa mabadiliko yanawezekana, naye aliukana na kuomba msamaha mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tangu 17 Mei 1990.

Kwetu kuna dawa nyingine isiyoandikwa popote: aoe, litaisha. Ninaitaja kwa sababu gharama yake hulipwa na mtu asiyekuwapo kwenye mazungumzo. Dada wa watu anavalishwa shela, anapigiwa vigelegele, miaka sita baadaye anakaa kwenye ofisi ya mchungaji akiuliza ana kasoro gani.

Njia ya pili ni useja. Kuna Wakristo wanaosema wazi kwamba wanavutiwa na jinsia yao, kwamba hawatarajii kubadilika, na kwamba wameamua kuishi bila ndoa kwa kuwa wanaamini jadi ni ya kweli. Wesley Hill wa Marekani aliandika juu ya maisha hayo mwaka 2010. Ni watu wa kuheshimiwa, na huwa wanapigwa na pande zote. Lakini useja unahitaji nyumba ya kukaa. Mkatoliki ana msamiati wake, anamjua padre, bruda na sista. Mprotestanti wa Afrika Mashariki anatoka Umoja wa Vijana anaingia moja kwa moja kwa akina baba au akina mama. Katikati hapana kiti. Akifika miaka 35 kila harusi ni kikao cha kuulizwa "wewe lini?" Kanisa linalomwagiza mtu aishi peke yake huku likimcheka kwa kuishi peke yake linamtega.

Wengine hufika mahali pa kukubali yote mawili, imani yao na mvuto wao. Troy Perry, mhubiri wa Kipentekoste aliyefukuzwa, alifungua ibada sebuleni kwake karibu na Los Angeles tarehe 6 Oktoba 1968, wakaja watu 12. Leo hilo ni kanisa lenye matawi nchi nyingi. Nairobi kumekuwa na jumuiya ya ibada ya namna hiyo tangu 2013, Cosmopolitan Affirming Community. Andiko wanalolipenda watu wa njia hii ni la towashi Mhabeshi katika Matendo 8. Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia mtu kama yeye asiingie katika mkutano wa Bwana. Isaya 56 ikamwahidi nafasi bora kuliko ya wana na binti. Filipo akamkuta garini anamsoma Isaya yuleyule, sura chache tu kabla ya ahadi hiyo. "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo hakutaja Kumbukumbu la Torati. Wapinzani hujibu kuwa utowashi ni hali ya mwili, si tendo, na jibu hilo lina uzito wake.

Na wapo wanaoondoka kabisa. Hao tunawaona kidogo kwa sababu wakiondoka tunasema walipoa kiroho.

Nani alimletea nani

Makanisa yenyewe nitayapitia upesi. Maaskofu wa Anglikana walikubaliana katika mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1998, katika azimio la 1.10, kwamba matendo haya hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo liliahidi kusikiliza maisha ya watu wenyewe, na sehemu hiyo imesahaulika. Waliobaki na sehemu ya kwanza walikutana Kigali Aprili 2023 baada ya Kanisa la Uingereza kukubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Maaskofu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, walitoa tamko lao Dodoma mwaka 2010, mara baada ya Walutheri wenzao wa Sweden na Marekani kubadili msimamo. Vatikani iliporuhusu baraka zisizo za kiibada, Desemba 18, 2023, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alijibu Januari iliyofuata kwa niaba ya maaskofu wa Afrika: kwetu hapana, ila watu hawa watendewe kwa heshima. Papa Francis alikuwa ameshasema, mapema 2023, kuwa jambo hili si kosa la jinai.

Nyuma ya yote hayo kuna msemo mmoja: hili limeletwa na Wazungu. Kila mwaka tarehe 3 Juni maelfu ya watu, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, hukusanyika Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda waliochomwa mwaka 1886. Moja ya sababu za hasira ya Kabaka Mwanga ilikuwa kwamba vijana Wakristo wa ikulu walimkatalia mwili wao. Habari hiyo husimuliwa kuonyesha kuwa Ukristo wetu ulizaliwa ukilikataa jambo hili, na husahaulika kuwa inaonyesha pia kwamba jambo lenyewe lilikuwepo ikulu bila kusubiri Mzungu wa kulileta. Mimi naisoma kwanza kama habari ya mwenye nguvu na vijana wasioweza kusema hapana. Vifungu vya sheria vilivyokuja baadaye ndivyo vilivyoletwa: chimbuko lake ni kanuni ya adhabu ya Waingereza kwa India ya mwaka 1860. Na mwaka 2009, miezi kabla ya mswada wa kwanza wa kupinga ushoga kufika Bunge la Uganda, wahubiri waliokuwa Kampala kufundisha juu ya hatari ya ushoga walitoka Marekani.

Uganda hiyohiyo, Januari 2011, David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za watu hawa, aliuawa nyumbani kwake kwa kupigwa nyundo. Kwenye mazishi mchungaji alishika kipaza sauti akahubiri Sodoma mbele ya jeneza, mbele ya mama mzazi. Marafiki wakamnyang'anya kipaza sauti. Wanakijiji wakakataa kuzika; marafiki wakalibeba jeneza wenyewe. Aliyesali kaburini alikuwa mzee Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Buganda Magharibi, aliyepokonywa haki za kiaskofu na kanisa lake kwa kuwapokea vijana hawa. Alianza tu kwa kutoa ushauri nasaha. Walikuja kumweleza, akasikiliza, hakuwafukuza.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina, alipojitangaza Januari 2014, hakuandika hoja yoyote ya dini. Aliandika kana kwamba yuko kando ya kitanda cha hospitali cha mama yake anayekufa, akimwambia. Ni tukio ambalo halikutokea. Mama alikuwa amefariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Nadhani ndiyo maana maandishi yale yalipenya hata kwa watu wasiokubaliana naye. Kila aliyelelewa kanisani anaijua hofu hiyo: unaweza kubishana na askofu, utamwambiaje aliyekushika mkono kukupeleka Shule ya Jumapili?

Mama wa yule kijana wa kwaya yetu nadhani anajua. Hawajawahi kulitaja. Kijana alihamia mji mwingine kikazi, lakini kila Jumamosi jioni mama humtumia ujumbe wenye namba za nyimbo zitakazoimbwa kesho usharikani kijijini, hakuna salamu wala neno lingine, namba tu, naye huziimba akipiga pasi shati lake. Anasali ibada ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, mahali ambapo hawamjui. Juzi nilimwomba radhi kwa ile jioni ya daladala, nikamuuliza kama siku hizi anapokea Chakula cha Bwana.

Alichelewa kujibu. Kisha akaandika: "Mwezi uliopita nilipanga foleni. Nimebakiza watu wawili, simu ikaita kweli, kaka. Namba siijui. Nikaizima."